Ujumbe Niliompelekea Bwana Hazina

Ningeweza kukataa. Wajumbe watatu wa kamati yetu walikaa kwenye kochi langu, pale Thorncliffe Park, Toronto, wakanywa chai ya mke wangu, kisha wakaniomba nishuke kwa Bwana Hazina nikamwambie kwamba hatumhitaji tena kwenye mambo ya mfuko. Hawakunitisha wala kunilazimisha. Nilivaa viatu nikaenda. Nimekosea mengi maishani, na mengi naweza kuyasingizia ujana au kutojua. Hili nililifanya nikiwa na mvi na akili zangu timamu, huku nikijua kwamba aliyokuwa akiyasema mzee yule ni kweli.

Mfuko wenyewe ulikuwa wa misiba. Sisi tuliotoka Tanzania, pamoja na Wakenya na Wakongo wachache, tulichanga kila mwezi ili mmoja wetu akifa mwili urudishwe nyumbani. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Kwa mke wangu, mfuko huo ulikuwa na maana kuliko hata pensheni yangu ya kiwanda cha mikate. Alitaka alale Mamba, kule Upareni, kwenye migomba ya mama yake. Kila majira ya baridi yalipoanza alinikumbusha: "Baba Namsifu, usije ukaniacha kwenye barafu hii." Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mfuko upo.

Bwana Hazina hakupenda kuulizwa kwao wapi wala ukoo gani, kwa hiyo nami nitayaacha hayo. Inatosha kusema kwamba Kiswahili chake alikipata Tanga, na kwamba miaka yake yote ya kazi aliitumia India, katika Hazina ya jimbo moja, mpaka alipostaafu akamfuata binti yake Toronto. Jina la Bwana Hazina tulimpa sisi. Alilikubali kwa kicheko kidogo cha puani, nasi tukasahau kwamba ana jina jingine.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na alivaa koti la suti kila siku ya Mungu. Wakati wa baridi alivaa juu yake jaketi kubwa la theluji alilopewa na binti yake, likamfika magotini, akawa kama mtu aliyejifunika godoro. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi moja ndani ya jengo la maduka, karibu na mlango, akiwatazama watu. Wazee wengine walileta karata. Yeye alileta makadirio ya matumizi ya jiji, kitabu kinene alichokichukua maktaba, akakisoma ukurasa kwa ukurasa kama wengine wasomavyo habari za mpira.

"Wewe, haya ya jiji yanakuhusu nini?" nilimuuliza siku moja.

"Natumia taa zao za barabarani," akasema. "Nisijue zinalipiwaje?"

Alijifunza kwamba mkazi yeyote anaweza kujiandikisha akazungumza mbele ya madiwani wakati wa bajeti. Jambo hilo lilimshangaza kuliko theluji. Akaenda, na koti lake la suti, akasema dakika zake kuhusu maktaba, akarudi uso unang'aa. "Kule kwetu," alituambia, "mzee kama mimi angeanza kwa kumsalimia bawabu, kisha karani, kisha karani wa karani. Hapa wameniambia tu, bwana, zamu yako." Tulimuuliza kama walimsikiliza. "Mmoja alikuwa anakula ndizi," akasema. "Lakini aliacha kutafuna nilipofika kwenye takwimu."

Usidhani alikuwa mtu aliyepangika. Mara mbili simu ya nyumbani kwake ilikatwa kwa sababu ankara alizitumia kama alama za kurasa kwenye vitabu akazisahau humo. Binti yake alilia kwa hasira: baba yangu amesimamia fedha za mamilioni ya watu, hawezi kulipia simu moja! Sokoni hakujua bei ya nyanya. Muuzaji akitaja bei, alitoa, akasema asante. Mke wangu alikuwa akimpokonya mfuko wa nyanya mkononi na kuurudisha mezani. "Shemeji, hizi zimeoza chini. Wewe ulikuwa Hazina ya nini?" Naye alicheka mpaka akashika ukuta.

Alimpenda sana mke wangu, kwa sababu ya makande. Nyama hakula, na mke wangu alikuwa amegundua duka la watu wa Amerika ya Kusini lililouza mahindi meupe makavu. Kila Jumamosi alichemsha makande ya mahindi hayo na maharage, na kila Jumamosi Bwana Hazina alipanda kwetu akiwa na jambo dogo la kuuliza ambalo lisingeweza kungoja. Hakuwahi kusema amekuja kula.

Hadithi zake za India hazikuwa za kujisifu. Ziliishia pabaya mara nyingi, na alizisimulia taratibu, akisimama katikati kana kwamba anajiuliza aendelee au la. Alifanya kazi katika enzi za mageuzi, serikali ya jimbo lake ilipokuwa ikijaribu kujua hasa ina watumishi wangapi, mashirika gani yanakula bila kuzalisha, na madeni gani yamefichwa. Alikuwa katika kamati iliyozunguka ikikagua na kupendekeza kipi kifungwe.

Walikuta ofisi moja ya mfereji wa maji. Mfereji ulikuwa haujachimbwa tangu mpango wake ulipoandikwa, lakini ofisi ilikuwepo, na mkuu wake, na dereva, na mtunza bustani. Mkuu alikuja kusaini siku ya mshahara tu. Dereva aliendesha gari la ofisi kama teksi. Mtunza bustani peke yake ndiye aliyefanya kazi, na alikuwa ameotesha bustani nzuri ajabu, waridi, mipapai, vitalu vya mboga ambazo majirani walijichumia. "Nilipendekeza ofisi ifungwe," Bwana Hazina alisema. "Ungependekeza nini wewe? Mwaka uliofuata nilipita pale. Waridi zilikuwa zimekauka, mbuzi wamelala ndani. Ripoti yangu ilikuwa sahihi, hata leo nitaitetea. Lakini sikuandika mahali popote kwamba palikuwa na bustani."

Nyingine ilihusu kiwanda cha nyuzi cha serikali. Kilikuwa kimeleta hasara kwa miaka mingi, na kila mwaka Hazina iliziba pengo kwa fedha ambazo zingejenga zahanati. Kamati ikakifunga, wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo. Mke wa fundi mmoja alianza kuja langoni kwa Bwana Hazina kila asubuhi. Hakupiga kelele. Alisimama tu, gari linatoka, anatazama. Siku aliyomuuliza anataka nini, yule mama akajibu kwamba hataki kitu, anataka tu aonekane.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza.

"Nilianza kutokea mlango wa nyuma," akasema.

Tulikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo, mashine zinanguruma. Akakunja shati lake polepole.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: fedha ya umma ni ya mtu ambaye hayumo chumbani. Alisema kwamba kila anayeomba huwa yumo chumbani, analia, ana sura na jina, na kila anayeombwa anataka kuonekana mwema. Aliyechangia hayupo. Atakayehitaji kesho hayupo. Kazi ya mtu wa Hazina ni kumkalia kiti yule asiyekuwepo. Aliwasimulia wanakamati wetu juu ya waziri wake mmoja aliyependa kuyawekea mashirika dhamana ya serikali kwa mikopo yao, mbele ya wapiga picha. Ilionekana hagawi kitu, kalamu na wino tu. Mashirika yalipoanguka, dhamana zote zikarudi Hazina kulipwa kwa pamoja, na waziri alikuwa ameshahamishiwa wizara nyingine.

Sasa nieleze kosa letu, maana bila kulieleza hutamwelewa mtu huyu wala mimi.

Mtu akifa, tulikusanyika kwenye fleti ya wafiwa. Viatu vilijaa mlangoni hadi kwenye korido, kina mama walikaa chini sebuleni, beseni likazungushwa, na katibu akasoma majina na viwango kwa sauti. Kisha mwenyekiti alisimama. Watu wakanyamaza. Mwenyekiti akasema neno moja, atasafiri, na chumba kizima kikashusha pumzi, na mfiwa akaja kunishika mikono yote miwili. Nimefanya kazi ya kusukuma matoroli ya mikate maisha yangu yote ya Canada. Hakuna mahali pengine popote ambapo neno langu lilinyamazisha watu. Nililipenda neno lile kuliko ninavyotaka kukiri. Nililisema kabla katibu hajamaliza kuhesabu. Wakati mwingine nililisema kabla beseni halijafika upande wa pili wa chumba.

Bwana Hazina tulimwomba atusaidie hesabu, akakubali. Baada ya miezi michache akaniita benchini kwake.

"Mwenyekiti," alianza. Hakuniita kwa jina hata mara moja. "Unatangaza kwanza, halafu unahesabu. Geuza. Hesabu kwanza, halafu tangaza."

"Mzee, msiba hauna subira."

"Ndiyo maana lazima sisi tuwe nayo. Na jambo la pili. Asiyechangia, tumchangie kwa mikono yetu, kwenye beseni. Akiba tusiiguse. Siku watu watakapoona asiyechangia anasafiri sawa na aliyechangia, wataacha kuchangia. Wala hawatakuwa watu wabaya. Watakuwa wamepiga hesabu."

Nilifikiri, nikamwona mke wangu na migomba ya mama yake. "Uko sahihi," nilimwambia. "Lete hoja mkutanoni. Nitasimama nawe."

Kabla ya mkutano huo alifariki kijana mmoja wa Parkdale, fundi wa kupaka rangi majumba. Alianguka kazini. Hakuwa mwanachama, hakuwahi kutoa hata mara moja, lakini alikuwa mcheshi, kila mtu alimjua, na mama yake alikuwa kwenye simu akilia, simu imewekwa sauti kubwa katikati ya chumba. Kamati ikasogea jikoni kushauriana. Wote walitaka akiba itumike. Bwana Hazina peke yake aliinua mkono kukataa.

"Unasikia mama wa watu anavyolia?" Mama mmoja wa Kikongo, mjumbe wetu, alimsogelea. "Papa, wewe una moyo au una kikokotoo?"

"Namsikia," akasema. "Simsikii yule atakayelia mwakani. Ndiyo shida yangu."

Kisha akatia mkono kwenye koti la suti, akatoa bahasha, akaenda kuiweka kwenye beseni. Katibu alipoisoma, ilikuwa kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote usiku ule. Watu hawakujua waitafsiri vipi. Mtu amekataa, na ametoa kuwashinda wote. Kijana mmoja wa Nairobi alinong'ona kwa nguvu, "Huyu buda hajielewi," na wengine wakacheka, na kwa kicheko hicho wakapata njia ya kutomfikiria tena.

Nami nilirudi sebuleni nikasema atasafiri.

Mkutano ulipofika, alileta hoja zake zote mbili, akiwa amesimama, kwa Kiswahili chake cha pwani, bila karatasi. Wakamshambulia. Mmoja akasema hizi ni sheria za serikali, sisi ni ndugu. Mwingine akasema huko India ulikozoea kufungia watu viwanda, hapa usituletee. Hilo la kiwanda nililisimulia mimi, mezani kwetu, kama hadithi. Bwana Hazina alinitazama. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikaangalia meza. Sikusimama naye. Niliahirisha hoja, nikasema tutazitafakari.

Wiki iliyofuata ndipo wale watatu wakaja kwenye kochi langu. "Wewe ndiye mwenye mdomo naye," walisema. "Sisi akituanza na hesabu zake hatumuwezi." Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Walipotoka akaniuliza, "Na wewe unaonaje?" Nikamwambia mimi ni mwenyekiti, nasema wanachosema wanachama. Akasema, "Haya," akarudi kwenye sufuria zake. Siku hiyo hakunisemesha tena.

Bwana Hazina alinifungulia mlango kabla sijagonga mara ya pili. Nilimwambia kwamba wanachama wameona apumzike, wanamshukuru sana kwa msaada wake, na kwamba umri nao. Nilisema hata hilo la umri.

"Wanachama wameona," alirudia. "Na wewe?"

"Mimi ni mdomo tu, mzee."

"Sawa, Mwenyekiti," akasema. " Kaa unywe chai." Nilikaa nikanywa. Alinieleza habari za maktaba, kwamba jiji limeongeza saa za kufungua Jumapili. Nilimaliza kikombe, nikaaga. Hakuja makande Jumamosi ile, wala iliyofuata. Mke wangu alimpelekea bakuli, likarudi limeoshwa, na ahsante nyingi. Kabla mwaka haujaisha binti yake alinunua nyumba Vaughan, mji jirani, wakahama.

Yaliyobaki ni mafupi. Niliendelea kusema neno langu. Akasafiri mkwe wa mjumbe aliyekuja kutembea tu. Akasafiri bwana mmoja aliyejiunga akiwa tayari kitandani hospitali. Wanachama wazuri, waliochanga tangu mwanzo, wakaanza kuchelewa, kisha wakanyamaza. Nikakutana na mmoja wao kwenye lifti, mpole kabisa, nikamuuliza kwa nini. "Mwenyekiti," akaniambia, "mimi nikifa utaniacha? Huwezi. Basi nasomesha watoto kwanza." Alikuwa amepiga hesabu.

Mke wangu aliugua vuli, akafariki katikati ya majira ya baridi. Mweka hazina mpya alinifuata chumbani, akafunga mlango, akasema akiba imeisha tangu msiba wa mwisho, alikuwa akingoja wakati mzuri wa kunieleza. Beseni lilizungushwa. Watu walitoa, Mungu awabariki, lakini waliobaki walikuwa wachache, na mwaka ule kulikuwa na misiba mingi. Hakikupatikana cha kumfikisha hata Dar es Salaam, sembuse Upareni. Viatu mlangoni vilikuwa vingi kama zamani. Walikaa wakisubiri nisimame. Sikusimama.

Watoto wangu, waliokulia hapa na hunijibu kwa Kiingereza kila ninapowasemesha kwa Kiswahili, walisema ni heri, mama atakuwa karibu nao. Walisema kwa upendo. Walilipia kaburi kaskazini mwa jiji. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi ichimbwe kwa mashine, na mchungaji akaongeza sauti ili tumsikie, kwa sababu mashine nyingine ilikuwa ikichimba karibu.

Bwana Hazina alikuwa India kwa dada yake wakati huo. Nilikwenda kumwona kiangazi, baada ya kusikia amerudi. Mabasi mawili, kisha mwendo wa miguu kwenye mtaa mrefu wa nyumba zinazofanana. Nilimkuta amekaa ndani ya gereji, mlango wake mkubwa umefunguliwa, kama wanavyokaa wazee wa kule, kiti cha kukunja, koti la suti. Mikono ilimtetemeka, lakini alinitambua kutoka mbali.

"Mwenyekiti!"

"Si mwenyekiti tena, mzee. Chama kimekufa."

Alinivutia kiti. Binti yake alileta chai akaingia ndani. Tulitazama barabara. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Nimesikia habari za Shemeji. Mlimpeleka?"

"Hapana," nikasema. "Yuko hapa hapa."

Alifumba macho. Aliyajua mahindi meupe, aliijua Mamba bila kuifika, maana mke wangu alimsimulia mara nyingi kuliko alivyonisimulia mimi. Nikaona niseme lililonileta. "Mzee, ulikuwa sahihi. Yote uliyoyasema yametokea kama ulivyosema."

"Usiniletee hilo," akajibu upesi, karibu kwa ukali. "Nimekuwa sahihi maisha yangu yote. Kule kwetu nilikuwa sahihi nikaishia kutokea mlango wa nyuma. Jikoni kule Parkdale nilikuwa sahihi, nikawatupia watu hesabu kama mawe. Ningekaa na yule mama wa Kikongo tukanywa chai, labda angenisikia. Sikukaa." Akapumua. "Mimi nilikuuliza jambo dogo tu siku ile, mlangoni. Wewe uliona nini?"

"Niliona kama wewe."

"Nilijua. Uliniambia benchini." Alijaribu kukishika kikombe, chai ikamwagika kidogo, akakiacha. "Wangenitoa vilevile, sikatai. Lakini ungesema, Mwenyekiti, ningetoka nikiwa na mtu."

Nilimwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea karatasi atakayoisoma baadaye, na tukazungumza mambo ya magoti na dawa mpaka jua likaingia gerejini. Aliponisindikiza hadi ukingo wa barabara alinishika mkono, hakusema nirudi. Nilipiga simu mara kadhaa majira ya kupukutika majani; binti yake alisema amelala. Kabla ya Krismasi alinipigia binti mwenyewe kunijulisha kwamba baba yake amekwisha kufariki na kuchomwa kwa desturi zao, na kwamba walifanya hivyo wenyewe, wanafamilia tu.

Kwa hiyo hiki ndicho kilichonipata kwa kukubali kuwa mdomo wa watu wengine. Nilimpoteza rafiki aliyeniamini, akafa akijua kwamba nilimwacha peke yake nami nikijua ana haki. Na mke wangu, aliyeniomba jambo moja tu katika ndoa yetu, amezikwa Canada, mbali na mama yake, kwa sababu yangu.